Kupiga picha za mawe na madini kwa karibu: mwongozo kamili wa kuanzia mezani kwako

Juni 2020 picha za mchimbaji Saniniu Laizer akiwa na mawe yake mawili ya tanzanaiti zilizunguka kila simu. Moja lilikuwa na kilo 9.27, jingine kilo 5.1, na serikali iliyanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Nilizitazama kama wengine, nikajiuliza swali la mtu mwenye ugonjwa wa kamera: rangi iko wapi? Jiwe kubwa namna ile hunywa mwanga wote, likabaki jeusi-jeusi. Punje ya milimita 4 ikimulikwa kwa nyuma inakuonyesha bluu, zambarau, ufa uliojaa hewa, hata kipande cha kinywe (grafaiti) kilichonaswa ndani wakati fuwele inakua. Kwa kazi yetu, punje ndiyo jiwe kubwa.

Mwongozo huu ni wa kukutoa kwenye picha ya simu yenye ukungu mpaka kwenye picha inayoonyesha kila uso wa fuwele. Nitasema msimamo wangu mapema ili usinilaumu baadaye: pesa yako ya kwanza iende kwenye mwanga na kwenye kuifanya kamera itulie. Lenzi ije mwisho. Uso wa fuwele ni kioo, na kioo hakina sura yake. Kinaonyesha kile kilicho mbele yake. Ukimulika kwa balbu tupu, utakuwa umepiga picha ya balbu.

Mawe ya kuanzia

Usianze na kito. Anza jikoni. Chukua punje za chumvi ya mawe, zimwage juu ya karatasi nyeusi, uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vijisanduku vya pembe mraba, vingine vimepandana. Chumvi ni madini kamili yenye umbo lake, na ukiharibu punje moja unayo kilo nzima. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanafaa. Yana sura ya vumbi lililoganda, na ukivunja bonge unaweza kukuta vijiti vya fuwele ndani.

Kituo cha pili ni mchanga. Kijiko kimoja cha mchanga wa pwani ya Zanzibar kina vipande vya matumbawe, vigamba, na vijumba vya viumbe wadogo wa baharini vyenye tundu kama vya nyuki. Kijiko cha mchanga wa mto unaotoka kwenye miamba mikongwe ya bara kina kwatzi angavu, feldispa ya rangi ya maziwa, na mara nyingine punje nyekundu za ganeti. Usikidharau pia kifusi cha ujenzi jirani. Nimepata vipande vizuri vya ulanga, yale maganda membamba yanayometa, kwenye rundo la kokoto ambalo mwenye nyumba alikuwa akilalamika kwamba ni bovu.

Mkazi wa Arusha ana bahati yake. Mawe ya volkano kutoka pande za Mlima Meru yana vitundu vya gesi, na ndani ya vitundu hivyo mara nyingine hukaa fuwele ndogo nyeupe au za kijani. Kuna pia jiwe la Longido, lile la kijani lenye mabaka mekundu ambalo wachongaji hulitengenezea vinyago na visahani. Kijani ni zoisaiti, nyekundu ni rubi halisi, na yale madoa meusi ni honibilendi. Vipande vinavyobaki kwa wachongaji ni vidogo, na kwa kamera ndivyo bora, kwa sababu mpaka kati ya rubi na zoisaiti ndio penye picha.

Nikiwa hapo niseme jambo la sheria. Tanzania, kumiliki au kuuza madini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Madini, na eneo la machimbo la Mererani limezungushiwa ukuta tangu 2018. Usiokote wala usinunue vito ghafi vichochoroni. Njia rahisi ni kumwomba broka au sonara mwenye leseni akuruhusu upige picha mawe yake palepale ofisini kwake. Wengi hukubali, maana nao wanataka picha nzuri za bidhaa yao. Ndani ya hifadhi usiokote hata kokoto.

Kusafisha, na lini usisafishe

Ukikuza mara 3, unywele wa brashi unakuwa kama kamba ya meli. Vumbi ambalo jicho halilioni litajaa picha nzima, na kulifuta kwenye kompyuta ni kazi ya usiku mbili. Kwa hiyo safisha kwanza.

Kwatzi, ganeti na rubi vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha vinasuuzwa kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya bomba yakikauka huacha madoa meupe. Kausha kwa pampu ndogo ya mpira ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo. Utaacha matone ya mate, na kwenye picha yatang'aa kuliko jiwe. Kalsaiti na marumaru usiziguse kwa siki wala ndimu, zinachemka na kuliwa. Mawe yenye nyuzi-nyuzi au unga unaopeperuka usiyasugue wala kuyavunja ndani ya nyumba, kwa sababu baadhi ya nyuzi hizo ni asbesto, na vumbi la kwatzi nalo si rafiki wa mapafu.

Halafu kuna mawe ambayo maji ni sumu kwake. Rafiki yangu aliyepanda Ol Doinyo Lengai aliwahi kuniletea kipande cha lava, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki na karatasi ya chooni. Kilikuwa na ukoko mweupe juu, ndani kijivu cheusi. Nikakiona kichafu. Nikakitia kwenye bakuli la maji kama ninavyofanya kwa kwatzi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta uji.

Ule mlima ndio volkano pekee hai inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe, na madini yake makuu mawili, nairereaiti na gregoriaiti, hayavumilii maji. La kwanza limepewa jina la Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo nililiyeyusha jiwe la Baba wa Taifa kwenye bakuli la saladi. Tangu siku hiyo, jiwe nisilolijua nachukua chembe yake moja nailoweka usiku kucha kabla ya kugusa lililobaki. Chumvi, magadi na lava ya namna hiyo husafishwa kwa brashi kavu tu, na huhifadhiwa kwenye kichupa kilichofungwa pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya.

Kamera uliyonayo inatosha

Kwa ukali wa maneno, makro ni pale ambapo kitu kinachorwa kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa yenye upana wa milimita 22 hadi 24, kwa hiyo fuwele ya upana huo inajaza picha. Ukikuza mara 2, unaona milimita 11 au 12 tu. Mara 4, milimita 6 hivi.

Mwenye simu peke yake asikate tamaa. Kile kioo cha kukuzia mara 10 ambacho mabroka wa vito hutembea nacho kinaweza kushikizwa mbele ya lenzi ya simu kwa mpira wa nywele. Sogeza jiwe mpaka lionekane wazi, funga fokasi na mwanga visibadilike, kisha tumia kipima muda usiguse kioo. Pembezoni mwa picha patakuwa na ukungu; kata ubaki na katikati.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana njia mbili za bei ndogo. Ya kwanza ni pete za kurefusha, zile zisizo na kioo ndani, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi: gawa urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, na jibu ndilo ukuzaji. Seti ya bei nafuu huwa na pete za milimita 7, 14 na 28, jumla 49. Ukizifunga zote nyuma ya lenzi ya milimita 50 unapata karibu ukubwa halisi.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuigeuza lenzi. Unanunua pete ya kugeuzia, unaifunga kwenye nyuzi za mbele za lenzi, na lenzi inakaa kwenye kamera kinyumenyume. Tafuta lenzi ya zamani ya kamera za filamu yenye pete ya kubadilishia kwa mkono tundu la kupitishia mwanga, maana lenzi za sasa hupoteza mawasiliano na kamera na tundu huganda. Milimita 50 iliyogeuzwa inatoa takriban ukubwa halisi. Milimita 28 iliyogeuzwa inatoa kama mara 2. Lenzi fupi ikigeuzwa ndiyo inayokuza zaidi, kinyume na mazoea. Jiwe litakaa sentimita 4 hadi 5 kutoka kwenye lenzi, nafasi inayotosha kupitisha mwanga. Angalia tu usikwaruze kioo cha nyuma cha lenzi, kwa sababu sasa ndicho kinachotazama jiwe.

Baadaye, ukishanogewa, kuna lenzi za hadubini za mara 4 na mara 10 zinazofungwa kwenye pete za kurefusha kwa adapta. Mara 4 ni nzuri sana. Mara 10 ni mateso, na sikushauri mwaka wa kwanza.

Meza isiyotikisika

Kila unachokikuza kinakuzwa pamoja na mtikisiko wake. Nilipoanza, picha zangu za mchana zilikuwa mbaya kuliko za usiku, na nilimlaumu fundi aliyeniuzia kamera kwa wiki nzima. Tatizo lilikuwa jokofu. Kila mashine yake ilipoanza kunguruma, sakafu ilibeba mtetemo mpaka kwenye meza. Jaribio la haraka: weka glasi ya maji mezani, tazama mwako wa taa juu ya maji. Ukicheza, hamisha meza. Sakafu ya chini yenye vigae ni bora kuliko ghorofa, na usiku baada ya malori kupungua barabarani ni bora kuliko mchana.

Tripodi si lazima. Mimi naweka kamera na jiwe juu ya ubao mmoja mzito, na chini ya ubao naweka vipande vinne vya ndara zilizokatika. Kikitikisika kimoja kinatikisika chote, kwa hiyo kamera na jiwe havipishani.

Kwenye ubao huo unahitaji reli ya kusogeza kamera au jiwe kidogo-kidogo. Za dukani zipo, lakini fundi wa kereza anaweza kukutengenezea kwa reli ya droo na bolti moja. Mwambie atumie bolti ya M6 ya kawaida, kwa sababu nyuzi zake zina hatua ya milimita 1: ukizungusha mzunguko mmoja kamili, reli inasogea milimita 1 sawasawa. Bandika kwenye kichwa cha bolti duara la kadi ngumu lililogawanywa sehemu 20, na kila mstari utakuwa milimita 0.05. Hicho ni kipimo ambacho watu hununua kwa pesa nyingi.

Jiwe lishikilie kwa gundi laini isiyokauka, ile ya kubandikia mabango ukutani. Tumia kidogo na iwe upande ambao kamera haioni. Jiwe huzama polepole kwenye gundi. Lisubirishe dakika 10 kabla ya kupiga.

Mwanga

Hapa ndipo nitakapokaa.

Chukua kikombe cheupe cha plastiki, kile cha sherehe, ukikate kitako. Kifunike juu ya jiwe kama mnara, lenzi ichungulie kwa juu. Sasa weka taa mbili za mezani za LED nje ya kikombe, moja kila upande. Mwanga ukipita kwenye ukuta wa kikombe unasambaa, na kila uso wa fuwele unaona weupe laini badala ya nukta kali. Kama kamera yako imelala, kata kikombe tundu la pembeni. Karatasi nyembamba ya kuchorea ramani ikizungushwa kama bomba nayo inafanya kazi ileile.

Picha ya kwanza itakuwa laini mno, bapa, haina uhai. Usitishike. Mwanga uliosambaa kila upande kwa usawa unaua umbo. Zima taa moja. Au iache iwake lakini irudishe nyuma mara mbili ya umbali wa mwenzake. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: acha taa, shika jiwe. Lizungushe taratibu huku ukitazama kwenye skrini ya kamera. Kuna pembe ambapo uso mmoja unawaka ghafla kama bati la paa wakati wa jua la alasiri, na nyuso za jirani zinabaki gizani au nusu giza. Ukiuona huo uso unawaka, rudi nyuma kidogo sana, mpaka mwako ushuke na michirizi ya ukuaji wa fuwele ianze kusomeka juu yake. Hapo simama. Kwenye ganeti utaona ngazi ndogo-ndogo. Kwenye kwatzi utaona mistari myembamba inayokata prizimu, ule mwili mrefu wa fuwele, kwa upana. Inaweza kukuchukua nusu saa kuipata hiyo pembe, na hiyo nusu saa ndiyo picha yenyewe. Mengine yote yanayofuata ni kazi ya mkono tu.

Kwa madini yenye sura ya chuma, kama pairaiti na kinywe, mambo hugeuka. Hayapitishi mwanga hata kidogo, kila kitu ni mwakisi. Kwa hayo panga karatasi nyeupe na nyeusi kuzunguka jiwe, kwa sababu jiwe litavaa rangi ya karatasi. Uso unaoakisi nyeupe utang'aa, unaoakisi nyeusi utazama, na kati yao unapata kona kali.

Mawe angavu hupenda mwanga wa nyuma. Weka jiwe juu ya kipande cha kioo kilichoinuliwa sentimita 5, chini yake karatasi nyeusi, na mulika kutoka chini kwa pembeni ili taa yenyewe isiingie kwenye picha. Mandhari yanakuwa meusi na jiwe linawaka kwa ndani.

Na sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote. Tanzanaiti isiyochomwa ina rangi tatu kulingana na upande unaouangalia: bluu, zambarau, na rangi ya tatu inayovuta kwenye shaba au wekundu wa kutu. Ikichomwa, kwa joto la nyuzi 500 na zaidi hivi, hiyo ya tatu hupotea na kubaki bluu na zambarau. Kwa jicho la kawaida rangi hizi huja zimechanganyika. Ili kuzitenganisha unahitaji mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na mwanga huo unao nyumbani: skrini ya kompyuta mpakato. Fungua ukurasa mtupu mweupe, ongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho, weka jiwe angavu mbele yake na lenzi upande wa pili. Lizungushe jiwe kama usukani, nyuzi 90. Rangi inabadilika mbele ya macho yako. Piga picha mbili, ya mwanzo na ya baada ya kuzungusha, uziweke bega kwa bega.

Ukiongeza mbele ya lenzi kichujio cha polaraizi, kile kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na kukizungusha mpaka skrini ya kompyuta ionekane nyeusi kabisa, weka kati ya skrini na kichujio ganda jembamba la ulanga. Litawaka rangi za upinde wa mvua ambazo jicho halikuziona. Kipande cha kwatzi kitawaka pia. Ganeti, pamoja na tsavoraiti ya kijani, itabaki nyeusi au karibu nyeusi, na chupa ya bia iliyovunjika vilevile. Usiuze wala kununua jiwe kwa kipimo hiki peke yake, lakini kama mchezo wa Jumapili hakina mshindani.

Tahadhari mbili ndogo. Tanzanaiti huvuta bluu zaidi kwenye mwanga wa mchana na zambarau zaidi kwenye balbu ya zamani ya waya, kwa hiyo chagua aina moja ya taa, usichanganye, na upige picha ya karatasi nyeupe kwanza ili urekebishe rangi baadaye. Pili, taa nyingi za LED za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Shata ya haraka, yaani muda mfupi wa kupokea mwanga, itakupa mistari ya giza kwenye picha. Tumia muda mrefu, kama nusu sekunde, na mistari inapotea.

Kurundika picha

Ukiwa karibu hivi, sehemu iliyo kwenye fokasi ni nyembamba kama karatasi. Kwa ukubwa halisi na tundu la f/8 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), kwenye sensa ndogo, unapata kama milimita 0.6. Ukikuza mara 2 kwa f/5.6 unapata 0.17. Mara 3 kwa f/5.6 imebaki 0.1, unene wa karatasi ya kuchapishia.

Utashawishika kufunga tundu mpaka f/22. Usifanye. Ukikuza, tundu la kweli linakuwa dogo kuliko namba unayoiona: zidisha namba hiyo kwa ukuzaji jumlisha moja. f/22 kwa ukubwa halisi ni f/44, na hapo mwanga unajikunja kwenye kingo za tundu, picha nzima inakuwa kama imepigwa kupitia chandarua. Kaa kwenye f/8 kwa ukubwa halisi, f/5.6 kwa mara 2, f/4 kwa mara 3.

Suluhisho ni kupiga picha nyingi, kila moja na tabaka lake, kisha kompyuta ichukue sehemu iliyo wazi ya kila picha. Utaratibu wangu ni huu:

1. Weka kamera kwenye hali ya mkono: ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 100, muda, tundu na rangi visibadilike. Zima fokasi ya kujiendesha na kizuia mtikisiko.
2. Tafuta sehemu ya jiwe iliyo karibu kuliko zote na lenzi. Rudisha reli nyuma kidogo zaidi ya hapo, mpaka kila kitu kiwe na ukungu. Hapo ndipo mwanzo.
3. Chagua hatua. Chukua kina cha fokasi, punguza kama robo ili tabaka zipishane. Kwa ukubwa halisi sogeza milimita 0.4, kwa mara 2, 0.1, kwa mara 3 na f/4, 0.05, yaani mstari mmoja wa lile duara la kadi.
4. Piga kwa rimoti au kipima muda cha sekunde 2. Sogeza. Subiri sekunde 3 mtikisiko uishe. Piga tena.
5. Endelea mpaka upitilize mwisho wa jiwe. Zungusha bolti upande mmoja tu. Ukirudi nyuma, nyuzi zina ulegevu na hesabu inaharibika.

Jiwe lenye kina cha milimita 5 kwa ukubwa halisi litachukua picha 13 au 14. Fuwele ya milimita 2 kwa mara 3 itachukua 40. Ukipoteza hesabu katikati, anza upya. Picha moja iliyorukwa itaacha mkanda wa ukungu unaokatiza fuwele, na hakuna programu inayoutibu. Na ndiyo, umeme utakatika kwenye picha ya 31. Taa za kuchaji zinasaidia, ila zijaze kwanza, maana nyingine hufifia kadiri betri inavyoshuka na rundo lako litakuwa na picha za mwanzo nyeupe na za mwisho za manjano.

Kama unakuza chini ya ukubwa halisi, unaweza kuzungusha pete ya fokasi badala ya kusogeza kamera. Juu ya hapo, reli.

Kwenye kompyuta

Zerene Stacker na Helicon Focus ndizo zinazotumiwa zaidi, zote za kulipia na zote zina muda wa majaribio. Za bure zipo: CombineZP kwa Windows, imezeeka lakini inafanya kazi, na zana zinazokuja na Hugin.

Zerene ina njia mbili. PMax inashinda pale fuwele nyembamba zinapopishana mbele na nyuma, kama sindano, lakini inaongeza chengachenga na kukoleza rangi. DMap inalinda rangi na nyuso laini, ila hubabaika kwenye kingo. Endesha zote mbili kwa rundo lilelile, anza na DMap, kisha kwa brashi ya programu chukua kingo kutoka PMax. Helicon ina njia A, B na C. Kwa fuwele zinazopishana jaribu C kwanza.

Baada ya hapo nagusa kidogo tu. Vumbi nafuta. Ncha iliyovunjika siitengenezi, na rangi siiongezi, kwa sababu picha ya jiwe iliyotiwa chumvi humdanganya anayetaka kulitambua. Kama kito kimechomwa na unajua kimechomwa, andika.

Lebo

Picha isiyo na kipimo haimwambii mtu kitu. Ukimaliza rundo, usibadilishe chochote, ondoa jiwe na weka rula mahali pake upige picha moja. Hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo, hiyo ndiyo namba ya kuandika: upana wa picha, milimita 11. Kisha jina la madini kama unalijua, mahali lilipotoka kadiri unavyoweza kutaja, na idadi ya picha ulizorundika. Kama hujui ni jiwe gani, andika rangi na mahali. Kuna siku mtu atalitambua kwa umbo.

Mawe yenyewe nayaweka kwenye viboksi vya kiberiti, kila kimoja na namba inayofanana na jina la faili. Namba 14 ni ya ile lava. Ndani kuna kikaratasi chenye jina la mlima na kijiko kimoja cha unga mweupe uliobaki ukingoni mwa bakuli, ambao nao, kwa mara 3 na mwanga wa pembeni, una vijiti.